Jogoo ya Foto ya Kilio

Mama yangu hakukuwa mutu ya kuogopa kifo. Kile aliogopa ni sura yake ya mu karte ya kupiga kura, na alikuwa na haki kabisa.

Kila mutu ya Butembo anaijua ile foto. Unasimama ku mustari tangu asubui, jua inakuchoma, kiisha mvua inakunyeshea, mutu anakusukuma mu mugongo, na wakati unafika mbele ya mashini yao, kijana anakuambia: "Angalia hapa." Unauliza: "Wapi?" Pale pale anapiga, na kinywa yako iko wazi. Imekwisha. Unabakia na ile sura mpaka uchaguzi ingine, na kwetu uchaguzi ingine inajua kukawia. Miye, mu karte yangu, nafanana na mutu mwenye bamekamata na mbuzi ya jirani. Siionyeshi mutu kama haiko kwa lazima.

Basi yaya ya mama yangu, dada yake mukubwa, mwenye aliolewaka kule Beni, alikufa bila kuaga. Foto yake ya muzuri haikukuwa hata moja. Zenye zilikuwa mu telephone ya mutoto yake ziliingia na telephone mu choo, na hakuna mutu alizifuata. Na kwetu mutu hazikwi bila foto: inatangulia sanduku mu njia, mutu ya jamaa anaibeba mu mikono, kiisha inabakia ku musalaba. Donc batoto yake balifanya kile batu bote banafanyaka. Balichukua karte ya kura, baliipeleka ku studio, balisema: "Tukuzieni hii."

Baliikuza kweli! Baliitia ku bâche, ile turubai ya plastiki, ukubwa ya mulango, baliitundika inje. Ule mama mukubwa yangu, mwenye alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta, sasa alikuwa pale na macho ya kutoka inje, kinywa nusu wazi, na sikio moja imekatwa na muhuri. Ndugu zake ba Alimbongo balikuya na gari, siku muzima mu vumbi, juu ya kuzika dada yao. Balifika mbele ya ile bâche, baliiangalia, mumoja alisema: "Pole yao, na bao bako na kilio." Kiisha gari iliendelea. Balizunguka kartie yote, mutaa muzima, banauliza kilio, matanga ya dada yao, iko fasi gani. Wakati balirudi, siye tulikuwa tunatoka ku makaburi, tunapangusa udongo ku biatu.

Mama yangu aliona ile yote. Mu gari ya kurudia Butembo alikuwa anaangalia tu mashamba. Karibu ya kufika alinigeukia.

"Dada yangu, bamemuzika na uso ya mutu mwengine," alisema. "Miye mukinizika na ile karte, nitaamuka. Muniamini."

Nilimuamini.

Nilimuambia kwanza nimupige na telephone yangu. Alikubali, nilimupiga, aliangalia, alinirudishia: "Hii pua ni ya nani?" Kwenda ku studio haikuwezekana, juu miguu yake ilikuwa imekwisha kukataa milima ya Bulengera, kule anakaa. Hata ku kanisa alikuwa anaendaka na pikipiki, amemukamata motard kiuno sawa bibi-arusi. Ilibakia tu kumuitia mupiga foto ku nyumba. Na alikuwa anamutaka mumoja tu, ule ya Beni, mwenye alipiga arusi ya mujukuu yake.

"Ule anajua kazi," alisema mama. "Alifanya hata bwana-arusi akuwe muzuri, na ule bwana-arusi siye tunamujua."

Mupiga foto alikuya kuongea bei. Miye nilikuwa tayari kumupa avance, malipo ya kwanza, mama alikataa. Sura ni yake, kilio ni yake, avance itakuwa yake. Alimupa jogoo. Na haikukuwa jogoo ya hivi hivi! Ilikuwa nyekundu, muzee, na sauti ya katekista, na nusu ya kartie balikuwa banaamukia nayo. Mupiga foto aliifunga miguu, aliitundika ku pikipiki, na jogoo ilituangalia kichwa chini. Bei yenye itabakia, tulipatana, tutaimaliza siku foto itatoka.

"Samedi, saa tatu kamili, Koko," anasema mupiga foto. Koko, njo vile tunaitaka bamama bazee kwa heshima.

"Wasingya," mama anamujibu, ile aksanti yetu ya Kinande, na anaingia mu nyumba kutafuta kikwembe, ile kitenge ya kuvaa.

Miye nauzisha bikwembe mu soko ya Kimemi, na samedi, ile Jumamosi, njo siku yetu. Mutu akifunga duka samedi, batu banauliza kama alifiwa. Nilifunga. Nafika Bulengera mapema, namukuta mama amekwisha kuvaa: kikwembe ya bamama bakatolika, kitambaa ku kichwa yenye jirani alifunga na kufungua na kufunga tena mpaka ikasimama vile mama anataka, rozari mu mukono. Niliweka kiti mbele ya ukuta. Ile ukuta nilikuwa nimeipakaa chokaa juma yote, juu ya ile foto. Mama alikaa. Alikaa vile sanamu ya kanisa inakaaka, bila kuegemea, juu kikwembe isikunjamane.

Nilimuletea chai na mukate. Alikataa.

"Nikikula, tumbo itaonekana."

"Mama, foto inakatiwa hapa ku kifua."

"Bataona ku macho kama nimekula."

Batu balikuwa banapita mu njia, banamusalimia. "Mama, unaenda ku arusi?" Naye anabajibu bila kugeuza shingo: "Hapana. Naenda ku kilio yangu." Mumoja alifanya ishara ya musalaba na kuharakisha miguu. Ule jirani yake ya kitambaa, muke mwenye hanaka kazi mingi, aliomba kiti, alikaa kungoya pamoja nasi.

Saa tatu ilipita. Nilipiga telephone.

"Niko mu njia, Yaya!" anasema mupiga foto. Na nyuma yake nasikia ngoma na batu banapiga vigelegele. Kisha ya wakati napiga tena: "Niko hapa Maboya." Sawa, akiwa Maboya, amekwisha kuacha Beni nyuma. Mama ananyoosha kitambaa yake. Napiga tena, jua iko yulu ya kichwa: "Yaya, niko hapa Maboya." Eh! Basi Maboya ilikuwa imepanda naye pikipiki. Kiisha telephone yake ilikufa.

Sasa, kwetu, mutu mwenye anatoka Beni akichelewa, hatuanzi na kukasirika. Tunaijua ile barabara na bunduki zenye zinajificha mu pori yake, na tunabajua bale benye haikutuletea tena. Kwanza tunamuombea. Mama alianza rozari, alimuombea yeye, bibi yake, batoto yake, na mashini yake ya foto. Jirani alikuwa anaitika. Miye pia niliitika, kwa roho yote, nilimusamehe hata zile ngoma. Hasira haina ruhusa mpaka mutu afike muzima. Lakini akifika muzima!

Mvua ilianguka, ile ya Butembo yenye inakuyaka na baridi yake. Tulikimbiza kiti na mama. Alikaa mu saloni na ile kikwembe, anangoya, mpaka niliona mabega yake inashuka. Alifungua kitambaa yeye mwenyewe, alikunja kikwembe yake muzuri, alivaa triko yangu ya zamani yenye ilitoboka ku kiwiko.

"Pengine nilikuwa najivuna tu," alisema. "Leta chakula."

Ile neno iliniuma. Mutu alikuwa anaomba tu bamuzike na uso yake, kintu ya bure kabisa, na sasa anajiona mwenye kujivuna. Nilimuletea ndizi na maharage. Mu roho nilikuwa namusema mupiga foto kwa majina yenye siwezi kuandika hapa, lakini polepole, juu bado hatukujua kama yeye ni muzima.

Mvua ilipita, jua ya jioni ilitoka, safi. Mama alikuwa amekaa mu mulango na sahani ku magoti, kichwa wazi, mvi yake yote inje, anakula. Njo pale pikipiki ilisimama.

Mupiga foto alishuka mukavu. Njo ile iliniua. Mutu mwenye alikuwa "mu njia" tangu asubui, na mvua yote ile, anafika mukavu, shati imepigwa pasi, mashini ya foto inaninginia ku shingo.

"Pardon, Koko. Pardon, Yaya," anasema. "Nilikuwa na arusi moja ya kupiga mbele. Bibi-arusi njo alichelewa."

"Ah bon!" nasema. "Donc bibi-arusi alichelewa, na mama yangu njo analipa?"

"Yaya, na mvua nayo..."

"Mvua gani? Mvua ilikukuta wapi? Gusa shati yako! Hata mbuzi ya huyu jirani imelowana kuliko weye!"

Jirani alishuhudia kama mbuzi yake ililowana kabisa.

"Basi nitarudi kesho, Yaya. Asubui asubui."

"Hakuna kesho! Mama yangu amekungoya na njaa, amekuombea rozari muzima, na weye ulikuwa unakula arusi ya batu! Rudisha jogoo!"

Anashika mashini yake na mikono mbili, vile mutu anashikaka kofia mbele ya mukubwa.

"Yaya, ile jogoo..."

"Iko wapi?"

"Tuliikula."

"Muliikula?"

"Na bibi yangu. Na batoto. Dimanche, kisha ya misa."

Mais vraiment! Avance ya kazi yenye haijafanywa, na mutu amekwisha kuitia pilipili! Jirani, mwenye anapendaka kupatanisha batu, alisema arudishe hata kuku muke, yataisha. "Kuku muke hapana!" nasema. "Alichukua jogoo, atarudisha jogoo!" Nilimukaribia mupiga foto. Na ile kidole yangu, yenye soko yote ya Kimemi inaijua, juu njo ile napangaka nayo bei, ilitoka mbele.

"Miye sijui! Uliikula? Tapika! Nataka jogoo ya mama yangu, muzima, na manyoya yake, na sauti yake, hapa, leo!"

"Yaya, jogoo yenye imekwisha kuliwa, nitairudisha namna gani?"

"Ile ni kazi yako!"

Njo pale mama, nyuma yangu, bila kuacha sahani, anauliza na sauti ya mutu mwenye anataka kujua kweli:

"Na ilikuwa muzuri?"

Mupiga foto alimuangalia. Unaona anawaza kama aseme uongo.

"Koko," anasema, "ilikuwa nguvu. Bibi yangu aliipika muchana muzima. Makaa ilikwisha, jogoo haikukwisha."

Mama alicheka. Alishika mulango na mukono moja, sawa dada yake, sahani inatetemeka, maharage inaanguka ku triko. "Ile jogoo!" anasema. "Nilikuwa najua! Inakaribia kuwa muzee kuliko huyu mutoto yangu mwenye anapiga makelele!" Kumbe alimulipa avance na jogoo yenye hakuna mutu mu kartie angeweza kutafuna, na alikuwa amenyamaza na siri yake tangu ile siku. Miye niliendelea kunyoosha kidole, juu kazi nilikuwa nimekwisha kuianza, siwezi kuiacha katikati. Nasikia klik. Kiisha klik ingine.

"Unapiga foto wakati nakusemesha?"

"Pardon, Yaya. Mukono ilienda yenyewe."

Alienda. Hatukumulipa, na jogoo hakurudisha. Nilifunga mulango na nguvu, ili asikie mpaka ku barabara. Mama alikuwa bado anapangusa machozi. Miye sikucheka. Nilikunja ile kikwembe tena, juu alikuwa ameikunja mubaya, na niliitia mu sanduku yake ya nguo, na niliogopa kama siku yake itafika mbele tuipate ile foto.

Siku hakuna mutu alikuwa anamungoya, njo siku mupiga foto alifika mapema. Alikuwa amebeba foto ya karatasi, kubwa, imetiwa mu mbao na kioo. Aliiweka ku magoti ya mama na alirudi nyuma, anaangalia mikono yangu.

Ilikuwa mama mu mulango. Triko ya kutoboka, kichwa wazi, macho imefungika na kicheko, meno yake inaonekana yote, na fasi ya zile zenye zilitokaka inaonekana pia. Harage moja iko ku kifua. Na ku upande, kubwa kuliko bintu byote, iko kidole. Inaingia mu foto na pete yake, na ukucha yenye rangi ilianza kubanduka, na inamunyooshea kila mwenye kuangalia, sawa yeye njo alikula jogoo.

Mama aliangalia wakati murefu. Nilikuwa nangoya amutukane.

"Eh," anasema. "Hivi njo ninachekaka?"

Hakuna mutu alimuonyeshaka. Kwetu mutu akisikia foto, anafunga kinywa, ananyoosha mikono ku mapaja, anakuwa sawa mutu mwenye bamemuita ku biro ya komanda. Mama na miaka yake yote ile alikuwa hajaona kicheko yake hata siku moja. Aligusa kioo na kidole, fasi ya meno.

"Mama, hii hapana ya kilio," nasema. "Foto ya kilio hapana ya kucheka."

"Muye njo mutalia," anasema. "Miye nitakuwa nafanya nini? Tulie bote?"

"Na triko?"

"Bataelewa kama kulikuwa baridi."

Basi nilitaka mupiga foto aitoshe hata ile kidole, aiondoe kabisa. Mupiga foto alifurahi, aliona njia. Na ordinateur, ile kompyuta yake, inatoka mara moja, anasema, hata kikwembe anaweza kumuvalisha Koko, juu mu studio banavalishaka batu benye balikufa makoti na kravati zenye habakugusaka mu maisha yao. Hata meno anaweza kurudisha, Koko akitaka. Mama aliweka mukono yulu ya foto, vile unafunika sahani ili inzi isiingie.

"Kidole ibakie," anasema. "Mukiitosha, batu batauliza, huyu mama anacheka nini, peke yake, siku ya kifo yake? Batasema niliingia wazimu. Bakiona kidole, batajua nilikuwa na mutu."

Lakini miye ni mutu ya biashara, donc niliuliza: "Na jogoo?"

"Ataileta," anasema mama. Anamugeukia mupiga foto. "Mutoto yangu, jogoo yangu utairudisha siku ya kilio yangu. Lakini ile siku usichelewe."

Mupiga foto aliapa, mukono yulu. Aliapa na ile sauti ya saa tatu kamili.

Foto tuliitundika mu saloni, chini ya picha ya Moyo Mutakatifu ya Yesu, na mama aliishi nayo. Bageni balikuwa banaingia, banamusalimia, kiisha banaona kidole na kurudi hatua moja nyuma. Pale anaanza kubasimulia. Na kila mara, mu masimulizi yake, mupiga foto alikuwa anazidi kuchelewa. Ku mwisho ile mvua ilikuwa na mawe, na jogoo ilikuwa imelisha batu ba arusi muzima na kubakia. Nasikia anafika ku ile fasi ya "Na ilikuwa muzuri?", na mbele mugeni ajibu, yeye amekwisha kucheka. Miye nilikuwa namupigia mupiga foto telephone mara kwa mara, kumukumbusha deni. Kila mara alikuwa Maboya.

Mama alikufa asubui, kisha ya kunywa uji, bila kusumbua mutu. Ilikuwa samedi. Nilikuwa mu duka, napimia muke moja kikwembe, telephone ilisema, nilisikiliza, nilianza kufunga. Batu baliniuliza kama nimefiwa, nilijibu ndiyo.

Hakuna mutu alitafuta karte ya kura. Niliondosha foto ku ukuta miye mwenyewe, na siku ya kuzika miye njo niliibeba mbele ya sanduku. Ndugu ba Alimbongo, bale benye barabara ilibaruhusu, balifika wakati tunatoka mu parcelle, kiwanja ya mama. Safari hii gari haikupita. Muzee mumoja alitosha kichwa ku dirisha, alisema "Njo yeye!" na alianza kucheka, na machozi ilianza kumuanguka pale pale, na bote mu gari balikuwa vilevile. Mu njia batu balikuwa banaangalia kidole ya mu foto, kiisha banaangalia mukono yenye ilibeba foto, pete ni ile ile.

"Kumbe njo weye," mumoja ananiambia.

Ndiyo, njo miye. Sikulia. Nilikuwa na biti bya kukodisha, bya kukalisha batu, na chakula, na padri, na ngoma za kwaya, na katikati ya ile yote macho yangu ilikuwa inaangalia barabara kama pikipiki fulani itatokea. Haikutokea. Tulimuzika na uso yake.

Mupiga foto alifika wakati tulikuwa tunarudisha biti. Batu benye balibakia balikuwa bachache. Foto nilikuwa nimeiweka ku kiti ya mama, mbele ya ile ukuta ya chokaa. Pikipiki ilisimama, alishuka, shati imepigwa pasi, na mu kwapa yake jogoo, nyekundu, miguu imefungwa.

"Yaya," anasema. "Pardon. Barabara..."

Eh, nilisikia ile hasira inapanda, na Mungu anisamehe, ilikuwa tamu. Tangu ile asubui ya uji sikukuwa nimesikia kintu mu mwili. Nilisimama, kidole ilitoka.

"Weye! Mama alikuambia nini? Alikuambia usichelewe! Siku moja tu! Arusi zote za Beni, zote, na siku moja tu ya mama yangu!"

Nilipiga makelele mpaka jogoo ilifunga macho. Mupiga foto aliinamisha kichwa, ananinyooshea jogoo, na miye namunyooshea kidole, na nyuma yangu ku kiti kidole ingine inamunyooshea vilevile.

Kiisha nilikuwa nangoya mutu, kule nyuma yangu, aulize kama hii nayo itakuwa muzuri. Nilingoya. Hakuna mutu aliuliza. Njo pale nilishusha mukono, nilipokea jogoo yetu, na nililia mu manyoya yake.